Kicheko Ndani ya Eda

Kicheko kile Batuli alikisikia akiwa bado barabarani, hatua kama ishirini kabla ya kufika mlangoni. Alikuwa anatoka soko la Majengo na kikapu cha mlenda na dagaa, upepo wa Agosti unampulizia vumbi machoni, na mwanzoni alidhani kinatoka nyumba ya jirani. Hakuwaza kwamba kinaweza kutoka nyumba ya marehemu baba yake, hapo Makole, ambako mdogo wake Hanifu alikuwa na siku hamsini na moja tangu azikwe. Alipokaribia akamkuta Abdulnasiri, kitinda mimba wao, amesimama barazani na fundi mmoja mwenye tepu ya kupimia, wote wawili wamelitumbulia macho dirisha la chumba cha mbele.

"Unasikia, dada?" Abdulnasiri akasema kwa sauti ya chini. "Huyo ndiye mjane wetu."

Kicheko kikaja tena. Kilikuwa cha mwanamke, kikubwa, cha kutoka tumboni, cha mtu aliyeishiwa pumzi na bado anaendelea. Kisha kikakatika, kama mtu aliyejiziba mdomo kwa kiganja. Mlango wa koridoni ulikuwa wazi, na Batuli akamwona Yasinta kule uani, yule mpangaji ambaye mumewe ni karani wa Bunge. Alikuwa ameinama juu ya beseni la nguo, mikono ndani ya povu, ameacha kufua.

Batuli alivua viatu, akaingia bila kubisha.

Kudra alikuwa amekaa mkekani na nguo zake nyeupe za eda, macho yamejaa machozi ya kucheka. Pembeni yake alikuwa Salwa, mtoto wao wa miaka saba. Kitambaa kilichofunika televisheni tangu siku ya msiba kilikuwa kimetupwa juu ya kochi, na kwenye kioo alionekana mwanamume mnene, mfupi, suruali yake imefungwa kwa kamba ya katani, amekalia sufuria ya ugali na hawezi kuinuka. Hata Batuli, asiyetazama sinema, alimjua. Mwaka ule wa 2002 nani Dodoma hakumjua Pakacha? Kaseti zake ziliuzwa stendi, zikaonyeshwa kwenye vibanda vya video, na watoto waliigiza mwendo wake wakitoka shule.

"Shikamoo, wifi," Kudra akasema, akijifuta macho haraka.

Batuli hakuitikia. Katika miaka tisa ya kuwa mawifi hakuwahi kuacha shikamoo ya Kudra ianguke chini.

"Zima hiyo kitu."

Salwa aliizima.

"Nini kimekuchekesha?"

"Wifi, sikukusudia. Mtoto ameniomba tangu juzi, hali vizuri, nikaona nimwekee kidogo tu..."

"Nimekuuliza nini kimekuchekesha."

Kudra akainamisha kichwa. "Pakacha."

"Pakacha," Batuli akarudia. "Mdogo wangu jeki imeteleza, gari limemwangukia kifuani kule Kizota, hata miezi miwili haijatimia. Na wewe unamcheka mlevi aliyekalia ugali."

"Shangazi, halewi," Salwa akasema kwa upole, kama anayesahihisha kosa dogo. "Yeye ni mtumishi tu wa nyumbani."

Batuli aliinama, akabonyeza bonyeza deki mpaka ikaitema kaseti, akaitumbukiza kwenye kikapu juu ya dagaa, akatoka. Barazani Abdulnasiri alikuwa anamsubiri.

"Jumamosi tukae kikao," akasema. "Nimwite baba mdogo Halfani, na kaka yake huyu aje kutoka Kondoa amsikie dada yake alivyo. Mwanamke anayecheka namna hiyo eda ameshaivua mwenyewe."

"Na fundi amekuja kufanya nini?"

Abdulnasiri akatazama pembeni. "Kupima tu. Chumba kile kinatazama barabara. Kikitobolewa mlango kinakuwa fremu nzuri ya duka."

Batuli alijua kwamba mdogo wake huyo hakuwa mtu mbaya. Shirika alilolifanyia kazi miaka kumi na minne lilikuwa limeuzwa kwa mtu binafsi, nao wakapunguzwa kazi wote kwa siku moja, wakiambiwa kwenye ubao wa matangazo. Tangu hapo alikuwa anazunguka mji na bahasha ya vyeti. Nyumba ni ya urithi, na vyumba viwili vya mbele Hanifu aliachiwa kwa sababu alikuwa na familia. Sasa Hanifu hayupo. Batuli alimtazama fundi akiizungusha tepu kidoleni.

"Jumamosi baada ya alasiri," akasema.

*

Habari ilikuwa imeshafika kila mahali kabla hata mlenda haujaiva. Jioni ile jirani aliyekuwa akimletea Kudra uji wa ulezi kila siku hakuja. Kesho yake, Alhamisi, Batuli alikwenda kwenye darasa la akina mama alilolifundisha kwenye veranda ya msikiti kwa miaka kumi na minane. Alipokaa, wanawake wakanyamaza kwa pamoja, namna watu wanavyonyamaza unapowakuta wanakusema.

"Mwalimu, poleni," Joha akasema. Joha ndiye aliyesoma kuwazidi wote, na alipenda watu wajue. "Tumesikia huko kwenu siku hizi kuna sinema."

Mmoja akakohoa. Batuli alifungua kitabu akasomesha, lakini sauti yake mwenyewe aliisikia kama inatoka chumba cha pili. Alikuwa amehama kwake Chang'ombe, hapo hapo Dodoma, aje kukaa na wifi yake mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Hanifu alilelewa na yeye, tangu mama yao alipofariki na kumwacha mtoto ana miaka minne. Msiba wote yeye ndiye aliyesimamia: sanda, maji ya wageni, sufuria za kuazima, nani alale wapi. Watu walimsifu kwamba ni mwanamke jasiri, hakulia hata kidogo. Na leo msiba huo huo ulikuwa umegeuzwa mzaha wa darasani.

Akiwa njiani kurudi alipitisha uamuzi wake. Kudra aende kwao Kondoa, akamalizie eda huko. Salwa abaki. Mtoto angekuja kukaa naye Chang'ombe, angelala kwenye kile kitanda cha pili ambacho hakijawahi kupata mwenyewe, kwa sababu Batuli aliolewa mara mbili na hakujaliwa kuzaa. Wazo hilo lilimjia likiwa limekamilika, hata rangi ya shuka. Akajikuta ameongeza mwendo. Kisha akaona haya, peke yake pale barabarani, akapunguza.

*

Ijumaa mchana, wanaume wakiwa msikitini, Batuli aliitoa kaseti ile kikapuni. Alikuwa amekusudia kuichoma jikoni. Aliishika, akaigeuza, akaona mwandiko wa Hanifu kwenye kibandiko: PAKACHA NA. 3. ISIGUSWE. Akaiweka chini.

Kesho yake angeulizwa kikaoni. Angesema nini? Kwamba amesikia kicheko. Kicheko cha nini, hajui. Miaka kumi na minane alikuwa akiwafundisha wanawake kwamba mtu hatoi ushahidi wa asiloliona. Basi angetazama, angeujua uchafu uliomo, na kesho angesema kwa haki.

"Salwa," akaita. "Njoo uniwekee hii kitu."

Mtoto alimtazama kwanza usoni kuhakikisha hatapigwa. Kisha akaisukuma kaseti ndani, akabonyeza. Kudra alikuwa amelala chumba cha pili, mlango umerudishwa.

Ulikuwa upuuzi. Batuli aliona hivyo tangu mwanzo, na aliona vizuri. Picha ilitetemeka, kivuli cha mpiga picha kilionekana ukutani, na mara jogoo wa jirani aliwika mpaka maneno ya waigizaji yakapotea. Pakacha alitumwa kupiga pasi shati la tajiri wake, akalipiga tajiri akiwa amelivaa. Alimwamkia shikamoo mbwa wa geti, kisha akamwambia mlinzi "mambo". Batuli alikaa ameukaza uso, mikono mapajani, akihesabu makosa.

Halafu Pakacha akasikia harufu ya pilau.

Ilikuwa inatoka kwenye nyumba yenye msiba. Pakacha akasimama, akaifuata pua yake mpaka kwenye turubai, akakaa katikati ya wafiwa, na kwa kuwa hakumjua mtu yeyote akaona salama yake ni kulia. Akalia kuliko mjane. Akajigaragaza. Watu wakamshika, wakampepea, wakamletea maji, wakamletea sahani ya kwanza ya pilau apate nguvu. Akala akilia. Akaongezwa. Kila sahani ikipungua kilio kinapanda. Mwishowe mzee mmoja akamwinamia kwa huruma, akamuuliza, "Baba, marehemu alikuwa nani wako?" Pakacha akatafuna kwanza, akameza, akauliza kwa unyenyekevu mkubwa, "Kwani amekufa nani?"

Kitu kikamshtua Batuli.

Kwa sababu mtu huyo alikuja. Siku ya tatu ya msiba wa Hanifu alikuja mwanamume mwenye koti la kahawia, akalia mpaka akina mama wakamwonea huruma, akala mara tatu, akaondoka na nyama kwenye mfuko wa nailoni. Batuli mwenyewe ndiye aliyempakulia. Alidhani ni mtu wa gereji Kizota. Watu wa gereji walidhani ni jamaa wa Kondoa. Watu wa Kondoa walidhani ni mjomba. Mpaka leo hakuna aliyejua ni nani, na Batuli, kwa uchovu wa siku ile, alikuwa amemshika mkono yule bwana akamwambia, "Jikaze, kaka, sote tumempoteza."

Alianza kwa kutoa pumzi puani. Akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Haikusaidia. Kicheko kilimshika mbavu, kikampeleka mbele, kikamrudisha nyuma, mpaka akaegemea ukuta akipiga paja lake kwa kiganja. Salwa alikuwa anamtazama yeye, televisheni kaiacha. Kila Batuli alipodhani amepata pumzi alimwona tena mwenye koti la kahawia akifunga mfuko wake wa nailoni mafundo mawili.

Alipoinua kichwa, Kudra alikuwa amesimama mlangoni.

Walitazamana.

"Hapo," Kudra akasema. "Hapo ndipo alipokuwa anarudisha nyuma. Mara tatu, mara nne. Mimi nachoka, yeye anarudisha. Anacheka kabla hata hawajamuuliza."

"Na wewe juzi ulicheka hapo?"

"Hapo nilianza. Kwenye ugali ulinikuta ninamalizia." Akaja akakaa kwenye mkeka, mbali kidogo, kwa heshima. "Wifi, wallahi sikumcheka marehemu. Nilimsikia anacheka hapa ubavuni kwangu. Nikacheka naye. Ilikuwa kama dakika mbili hivi. Kisha ukaingia."

Batuli alijifuta uso kwa mtandio, polepole, akikaa nao usoni zaidi ya ilivyohitajika.

"Salwa," akasema akiwa bado ndani ya kitambaa. "Rudisha nyuma."

*

Jumamosi baada ya alasiri walikaa chumba cha mbele. Baba mdogo Halfani, mwenye miguu iliyovimba, alipewa kochi. Abdulnasiri alikaa kulia kwake, na binamu wawili wa Msalato. Abdulkadiri, kaka yake Kudra, alikuwa ameshuka basi la Kondoa muda huo huo, vumbi bado liko kwenye kope zake. Hakuna aliyemwonyesha pa kukaa, akakaa karibu na mlango palipovuliwa viatu. Alikuwa amebeba kuku wawili wa zawadi, na kuku hao wakawa wanahangaika koridoni walikofungwa, bila mtu kuwapokea. Kudra alikaa chumba cha pili, nyuma ya pazia, kama ilivyostahili.

Abdulnasiri alizungumza vizuri. Hakumtukana mtu. Alisema eda ni heshima ya mume, na mke aliyecheka mpaka wapita njia wakasimama hakumheshimu marehemu. Alisema familia imeaibishwa mjini. Mwanamke akapumzike kwao, shemeji yetu huyu hapa amekuja, atamchukua. "Mtoto ni wetu. Atakaa kwa dada, ambaye hana mtoto na anampenda. Na vyumba hivi tutavifanyia utaratibu."

"Shemeji," baba mdogo Halfani akamgeukia Abdulkadiri, "una neno?"

Abdulkadiri alivitazama viatu. "Nimesikia aibu, baba. Sina neno. Naomba tu kama mtoto angebaki na mama yake. Bado mdogo."

"Hilo tumeshalisema," akasema Abdulnasiri.

"Batuli," akasema mzee, "wewe ndiye mkubwa wao na ndiye unayekaa humu. Ulisikia kicheko?"

"Nilisikia, baba."

"Ukakasirika?"

"Nilikasirika. Nilimnyima hata salamu."

Abdulnasiri akatikisa kichwa kukubali. Batuli aliona pazia la chumba cha pili limetulia kabisa. Alikiona pia kile kitanda cha Chang'ombe, na shuka lake. Hakuna mtu pale aliyemtaka aseme zaidi. Angeweza kunyamaza tu, na mambo yote yangekwenda yenyewe.

"Lakini jana mchana," akasema, "mimi mwenyewe niliitazama hiyo sinema, na nikacheka. Nilicheka kuliko yeye."

Binamu wakatazamana.

"Dada, acha kumkinga," Abdulnasiri akasema.

"Simkingi. Yasinta yuko uani, muiteni."

Wakamwita. Yasinta alisimama mlangoni na kanga kiunoni, akasalimu wazee, akaulizwa. "Shikamooni. Ndiyo, jana nilisikia. Nilidhani ni Mama Salwa tena, nikasema moyoni huyu dada anatafuta matatizo. Nikachungulia. Kumbe ni mama hapa." Akainama akaondoka haraka.

"Mwalimu wa darasa," binamu mmoja akanong'ona.

"Kama kicheko kinamtoa mtu nyumba hii," Batuli akasema, "nitoeni mimi kwanza. Hanifu alikuwa mtoto wangu kabla hajawa mume wa mtu."

Mzee Halfani alikuna goti. "Sasa mwanangu, kitu gani hicho cha kuwachekesha wafiwa?"

Batuli akawaeleza. Aliwaeleza bila tabasamu, kama anavyoeleza masharti ya udhu, moja baada ya lingine: harufu ya pilau, turubai, kilio, sahani ya kwanza, sahani ya pili. Aliposema, "Kwani amekufa nani?" hakuna aliyecheka. Akaendelea. "Na sisi siku ya tatu alikuja bwana mwenye koti la kahawia."

Binamu wa pili akainua kichwa. "Yule si wa gereji?"

"Wa gereji walisema ni wa Kondoa."

"Sisi hatumjui," Abdulkadiri akasema kutoka kwenye viatu. "Mimi nilimpa nauli."

Mabega ya mzee Halfani yakaanza kutikisika. Aliinua mkono wa kanzu akaficha uso, na kutoka nyuma ya kanzu ile ikatoka sauti nyembamba, ya kuminya, isiyolingana na umri wake. "Astaghfirullah," akasema. "Mimi nilimwombea dua. Nilimwombea yeye kwa jina la mjomba." Binamu mmoja akageukia ukutani.

Abdulnasiri hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake.

Mzee alipojifuta macho sauti yake ilikuwa nyingine, ya mtu aliyechoka. Alisema eda itamalizwa humu humu. Mtoto hatatengwa na mama yake. Vyumba havitaguswa mpaka siku hiyo ifike, na ikifika watakaa tena, wagawe urithi kwa haki yake, na fungu la Salwa lijulikane. "Kuku wa watu wapewe maji," akaongeza.

Abdulnasiri alikuwa wa kwanza kusimama. Mlangoni Batuli alimfuata.

"Abdu."

"Wewe una nyumba, dada," akasema bila kugeuka. "Yeye ana vyumba. Mimi nina bahasha." Akavaa viatu vyake, akaondoka kuelekea barabara kubwa, na hakuonekana tena pale nyumbani mwezi mzima.

*

Alhamisi iliyofuata Batuli alikwenda darasani kama kawaida, akamkuta Joha ameketi mahali pake, kitabu kimefunguliwa.

"Mwalimu," Joha akasema kwa adabu sana, "wenzetu wameonelea upumzike kwanza. Mpaka eda iishe. Una mambo mengi kule nyumbani."

Batuli aliwatazama mmoja mmoja. Baadhi yao aliwafundisha alifu kwa kidole. Hakuna aliyemtazama usoni isipokuwa bikizee mmoja wa mwisho, ambaye macho yake yalikuwa yamejaa huruma na hakuwa na la kufanya. "Inshallah," Batuli akasema. Akarudi.

Kudra alijua kabla hajaambiwa. Aliona jinsi alivyoliweka baibui juu ya kiti badala ya kulitundika. Akapiga magoti. "Wifi, nisamehe. Ni mimi niliyekuletea haya."

"Inuka. Umeniletea nini? Inuka."

Kudra akainuka, wakakaa pamoja mkekani. Salwa alikuwa sakafuni akiandika kazi ya shule. Nje upepo ulikuwa umetulia, na Batuli, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Kizota, hakuwa na sufuria ya kurudisha, mgeni wa kupokea, wala somo la kuandaa. Hakukuwa tena na kitu chochote kilichosimama kati yake na Hanifu.

Akalia. Alilia bila sauti kwanza, kisha kwa sauti, mikono imelegea mapajani, na Kudra hakumwambia anyamaze. Alimsogelea tu, akaegemeza bega lake kwenye bega lake.

Ilipopungua, Batuli alijipangusa pua kwa mtandio. "Umewahi kuambiwa alivyokuwa anatembea alipokuwa na miaka mitano?"

"Nani, Hanifu? Hakuniambia."

"Angekuambiaje? Alikuwa anavaa kanzu ya baba. Kanzu ya mtu mzima. Anaikusanya mbele hivi, mikono miwili, ili asianguke, kisha anatoa kidevu mbele kama sheikh mkubwa anakwenda kuswalisha."

"Hebu, wifi."

Batuli aliutazama mlango, akawatazama wao. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na hakuwahi kumwigiza mtu yeyote maishani mwake. Alisimama. Alilikusanya gauni lake mbele kwa mikono miwili, akatoa kidevu, akatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye kochi kwa hatua fupi fupi za haraka, magoti yakigongana, akakaribia kuanguka, akajishika, akaendelea kwa heshima kubwa.

Kudra aliziba mdomo. Salwa alikuwa ameweka penseli chini.

"Ndivyo baba alivyokuwa?"

"Ndivyo alivyokuwa."

"Tena, shangazi."

Batuli alirudi mlangoni, akalikusanya gauni upya, akatembea tena, safari hii polepole zaidi, ili mtoto amwone vizuri.